Ngamia na Mbuzi

Swali: Ngamia na mbuzi wanaofugwa Kakuma na Lodwar, Turkana, wote hucheua, kwa nini basi wanasayansi huwaweka katika makundi tofauti?

Jibu: Wanyama hawa huandamana kwa muda mrefu katika ngazi za uainishaji, kwa kuwa wote wamo katika ngeli ya mamalia, yaani wanyama wenye nywele wanaonyonyesha watoto wao, na pia katika oda ya wanyama ambao uzito wao hubebwa na vidole viwili vya kila mguu. Hutengana katika ngazi ya familia: mbuzi yumo pamoja na ng'ombe, kondoo na swala, ilhali ngamia, aliyepewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758 jina la kisayansi *Camelus dromedarius*, ana familia yake, ambamo pia yumo lama wa Amerika Kusini.

Kucheua, kwa hakika, ni kigezo kinachopotosha, maana tumbo la mbuzi lina vyumba vinne na la ngamia vitatu. Ngamia hana pembe, hukanyagia nyayo pana na laini badala ya kwato, na hubaki na baadhi ya meno ya mbele ya taya la juu, ambayo mbuzi hana kabisa. Tofauti ya ajabu zaidi imo katika damu: chembe nyekundu za ngamia zina umbo la yai, nazo huweza kuvimba bila kupasuka pale anapokunywa maji mengi kwa mkupuo baada ya kiu ya siku nyingi, jambo lenye manufaa makubwa katika ukame wa Turkana.