Dawa, mpira wa kulishia na wajibu wa anayeuguza

Ndugu Waislamu, kumuuguza mgonjwa ni ibada, lakini ibada bila elimu yaweza kuleta madhara. Leo tukumbushane jambo linalosahauliwa: dawa inapokutana na chakula ndani ya mpira wa puani, au ndani ya dripu.

Tuchukue mfano wa wenzetu wa Masieda na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang. Hospitali kubwa ya upande huo ni ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ambako kifafa kimefanyiwa utafiti wa muda mrefu. Mgonjwa wa kifafa asiyeweza kumeza huweza kupewa fenitoini kwa mpira uleule unaopitisha maziwa na uji. Dawa hiyo ikikutana na chakula, kiasi kinachoingia katika damu hupungua, na degedege hurudi. Ndugu husema dawa ni feki au mgonjwa karogwa, kumbe kosa ni la saa. Ndiyo maana chakula husimamishwa saa 1 hadi 2 kabla na baada ya dawa, kwa maelekezo ya daktari. Na siku mpira ukiondolewa daktari aambiwe, kwani dozi iliyokuwa imeongezwa yaweza kugeuka sumu.

Siprofloksasini nayo hunaswa na madini ya maziwa. Vidonge vinavyotoa dawa polepole havisagwi. Ukivisaga, dozi ya siku nzima huingia kwa mkupuo. Kila dawa ipite peke yake, na mpira usafishwe kwa maji kabla na baada.

Kwenye dripu hatari ni kubwa zaidi. Seftriaksoni ikichanganyika na maji yenye kalisi, kama Ringer, hufanya chembechembe ngumu. Wapo watoto wachanga waliofariki kwa sababu hiyo.

Je, Ramadhani? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba sindano za tiba hazifunguzi, isipokuwa za lishe. Basi anayelishwa kwa mpira au dripu hana saumu ya kuilinda. Surat al-Baqara, aya ya 185, imempa ruhusa. Tusimsogezee saa za dawa wala kumkatia lishe kwa kudhani tunamhifadhia dini yake.

Kabla ya kusaga kidonge chochote, tumuulize muuguzi au mfamasia. Kuuliza si aibu, na huenda kukaokoa roho.

Wabillahi tawfiq.