Usikichome Kinyama Kabla Hakijapimwa

Ukiona damu unapojisafisha baada ya haja kubwa, jina la kwanza linalokujia ni bawasiri, ambayo wengine huiita mgoro. Mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini mpasuko, masundosundo, kifua kikuu na saratani navyo huweza kuleta damu, usaha au kinyama mahali hapo hapo, na jicho tupu, hata la daktari mzoefu, haliwezi kuvitofautisha kila mara.

Kwa mkazi wa Mbweni, Dar es Salaam, safari huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya rufaa ya Mwananyamala, na ikibidi Muhimbili. Daktari atakulaza kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, apime kwa kidole chenye glavu, halafu kwa kifaa chenye mwanga. Akikuta kidonda kisichopona au uvimbe mgumu, atakata kipande kidogo, kama punje ya mchele. Sehemu ya nje huhisi maumivu makali, hivyo utachomwa ganzi kwanza. Juu zaidi, kwenye utando wa utumbo, kukatwa hakuumi. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie mapema.

Kipande hutiwa kwenye chupa ya fomalini. Hakikisha imeandikwa jina lako kabla haijatoka chumbani. Maabara hukigandisha kipande kwenye nta, hukikata vipande vyembamba mno, huvitia rangi, ndipo mtaalamu huvitazama kwa hadubini. Majibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili.

Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Si kweli, na imani hiyo inachelewesha watu mpaka tiba inakuwa ngumu. Jibu la kinyama ndilo linaloamua tiba: saratani inayoanzia kwenye utando wa nje wa njia ya haja kubwa mara nyingi hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa, na mionzi ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road; ile ya tezi za utumbo kwa kawaida huhitaji upasuaji. Ukikichoma kinyama kwa dawa ya mtaani, umeuchoma na ushahidi.

Anayeishi na VVU asisubiri kabisa, maana hatari ya saratani hii kwake ni kubwa zaidi.

Baada ya kipimo, damu kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Ikitoka nyingi, ukipata homa au mkojo ukigoma, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na hata ukifanyiwa upasuaji wa bawasiri, uliza kama nyama iliyotolewa imepelekwa maabara, kisha yafuate majibu mwenyewe.