JE, KIONGOZI HUZALIWA AU HUFUNZWA?

Mpenzi msomaji, swali hili si geni kwako. Kila mwaka, majina ya wanaowania uranja yanapobandikwa kwenye ubao wa matangazo, mabishano huzuka bwaloni hadi ugali ukapoa sahanini. Mmoja husema, "Huyu bwana kazaliwa nao, tazama tu anavyosimama!" Mwingine humjibu, "Aka! Uongozi hufunzwa kama useremala." Katika makala haya nitazipima hoja za pande zote mbili, kisha nitoe msimamo wangu.

Kwanza tueleze maana. Max Weber (1864-1920), mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Ujerumani, aliyagawa mamlaka katika mafungu matatu. La kwanza ni mamlaka ya jadi, kama ya mfalme anayerithi kiti cha babake. La pili ni mamlaka ya sheria, kama ya ofisa aliyewekwa kwa kanuni. La tatu ni mamlaka ya karisma, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kipawa alichojaliwa mtu. Sisi twaweza kuiita haiba. Weber alisisitiza kwamba haiba hudumu tu maadamu wafuasi wanaikubali. Wakiacha kuamini, imekwisha.

Wanaosema kwamba kiongozi huzaliwa wana ushahidi. Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama, Mekatilili wa Menza aliwainua watu wake dhidi ya utawala wa Waingereza. Hakuwa chifu, na cheo hakuwa nacho. Alikuwa mwanamke mjane. Lakini alipoanza kucheza ngoma ya kifudu, watu walimiminika kumsikiliza. Ni nani aliyemfunza? Hakuna chuo alichopitia. Hata hivyo, tusiishie hapo. Mekatilili hakutegemea ulimi wake pekee. Aliwaapisha watu, maana alijua kwamba hotuba hupita na upepo lakini kiapo hubaki. Alikamatwa akahamishiwa Kisii, naye mwaka 1914 akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Haiba iliwakusanya watu. Kiapo na ushupavu ndivyo vilivyowashikilia.

Sasa tumtazame Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930. Babake alifanya kazi katika shamba la mkonge, kwa hivyo hapakuwa na kiti cha kurithi. Masomo yake ya sekondari yalikatizwa na ukosefu wa karo. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa mjini Nairobi, na huko akaanza kuwapanga wafanyakazi wenzake katika chama. Kufikia mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Waliomsikia walisema ana kipawa. Ni kweli, lakini kipawa hicho kilinolewa kwa miaka ya mikutano, mikataba na makaratasi.

Tena, haiba yenyewe huweza kufanyiwa mazoezi. Katika miaka ya 1920, Hitler alipigwa picha na Heinrich Hoffmann akijaribu ishara za mikono na uso alizotaka kutumia jukwaani. Watu walishangilia, na dunia ikalipa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nina kisa changu pia. Nilipokuwa kidato cha kwanza, tulimchagua kiranja wa bweni kwa sababu alituvunja mbavu jukwaani. Nami nilimpa kura yangu. Maji yalipokatika kwa wiki mbili, hakupanga zamu yoyote. Wenye nguvu walichota kwanza, sisi wadogo tukaingia darasani bila kunawa uso. Tulipomlilia, alitupa kichekesho kingine. Kumbe kicheko hakijazi ndoo! Aliyemfuata alikuwa mpole mwenye kigugumizi. Wa kwanza aliyemcheka ni mimi. Lakini aliandika zamu, akaibandika mlangoni, na siku ya kwanza akachota yeye mwenyewe. Kila Ijumaa alikuja hapa chamani kujifunza kusema mbele ya watu. Alipotuaga mwaka jana, bweni zima lilinyamaza kumsikiliza. Haiba ilikuja nyuma ya kazi.

Basi msimamo wangu ni huu: mtu huzaliwa na mbegu, lakini mbegu isiyopaliliwa haizai. Sauti nzuri na sura ya kuvutia ni mlango tu; nyumba ni uaminifu, mpango na kuwajali wanyonge. Ndugu msomaji, unaposhika karatasi ya kura, usiulize tu, "Nani anajua kusema?" Uliza pia, "Maji yakikatika, nani atapanga zamu?"

Maswali ya kujadili:
1. Je, haiba inaweza kuwapo bila wafuasi? Toa sababu.
2. Linganisha uongozi wa Mekatilili na wa Mboya.
3. Taja mambo matatu ambayo kiranja anaweza kujifunza, na moja ambalo hawezi.