Dondoo muhimu: Kuizunguka Bukoba kwa miguu

- Mvua: Beba mwavuli hata kukiwa na jua, mvua ya Ziwa Viktoria haichelewi.
- Ufukweni: Anza asubuhi, ukitazama Kisiwa cha Musira kilicho mbele ya mji.
- Kanisa Kuu: Ingia kwa staha. Ndimo alimozikwa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi.
- Sokoni: Onja kahawa ya kutafuna. Novemba na Desemba, ulizia senene.
- Majengo: Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Usiwadadisi wenyeji, wakisimulia, sikiliza.
- Picha: Salimia kwanza, kisha omba ruhusa. Wazee wanastahili shikamoo.