Kura kwa Njia ya Posta: Je, Aliye Safarini Anaweza Kumchagua Mwenyekiti wa Kijiji?



Katika mafunzo ya uraia kwenye vikundi vyetu vya ukanda wa pwani, kuna swali ambalo hurudi mara kwa mara, hasa kwa akina mama ambao waume zao ni wavuvi: "Baba watoto ameenda dago. Je, hawezi kuituma kura yake kwa barua?" Wengine wana ndugu wanaoishi Uingereza, nao wamesikia kwamba huko mtu huweza kupigia kura nyumbani na kuipeleka posta.

Jibu fupi ni hili: Tanzania hatuna kura ya posta, si kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa diwani. Lakini jibu fupi halitoshi. Tuangalie kwanza jinsi kura hiyo inavyofanyika huko iliko, kisha tuone anayesafiri hapa kwetu afanye nini ili asikose haki yake.

Kura ya posta hufanyikaje?

Tuchukue mfano wa uchaguzi wa halmashauri nchini Uingereza, eneo la England. Mtanzania anayeishi huko kihalali anaweza kupiga kura katika uchaguzi huo, kwa sababu nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Wapo ndugu zetu wasiojua kwamba wana haki hiyo. Hatua ni hizi:

1. Hujiandikisha kwanza kuwa mpiga kura katika halmashauri anakoishi.
2. Huomba kura ya posta. Ombi linatakiwa lifike kabla ya saa 11 jioni, siku 11 za kazi kabla ya siku ya uchaguzi.
3. Hupokea nyumbani karatasi ya kura, fomu ya tamko na bahasha mbili.
4. Huweka alama kwenye karatasi ya kura akiwa peke yake, huitia katika bahasha ya kwanza na kuifunga.
5. Hujaza katika tamko tarehe yake ya kuzaliwa na kuweka saini. Tamko na bahasha ile ya kwanza huingia katika bahasha ya pili, ambayo hurudishwa kwa posta.
6. Bahasha lazima iwe imefika saa 4 usiku wa siku ya uchaguzi. Ikichelewa, kura haihesabiwi.

Maofisa hulinganisha saini na tarehe ya kuzaliwa na zile zilizotolewa wakati wa kuomba. Ulinzi huo una historia yake. Katika uchaguzi wa halmashauri ya jiji la Birmingham mwaka 2004, kura za posta zilichezewa katika kata za Aston na Bordesley Green, na mwaka 2005 mahakama ya uchaguzi ikafuta matokeo ya kata hizo. Sheria ya mwaka 2006 ndiyo iliyoleta sharti la saini na tarehe ya kuzaliwa.

Tunajifunza nini hapo? Kura inayopigwa nje ya kituo hupita mikononi mwa watu wengi. Tena nyumbani hakuna msimamizi wa kuhakikisha kwamba mke, kijana au mzee amechagua kwa hiari yake. Aidha, kura hiyo inahitaji barua ifike mlangoni kwa kila mtu na kwa wakati. Kwetu barua nyingi huishia katika sanduku la posta mjini, na sanduku moja huweza kutumiwa na shule nzima au usharika mzima.

Chaguzi mbili tusizichanganye

Wengi hukosa kura kwa sababu wanadhani kadi moja inatosha kwa kila uchaguzi. Kuna chaguzi mbili tofauti.

Wa kwanza ni uchaguzi wa serikali za mitaa, unaowachagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa pamoja na wajumbe wao. Husimamiwa na TAMISEMI, si na Tume ya Uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024, wananchi waliandikishwa katika orodha ya pekee, kwenye vitongoji na mitaa yao, kwa siku kumi tu: tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakwenda kuandikishwa siku hizo hakuwa na kura ya kijiji.

Wa pili ni uchaguzi wa diwani, unaofanyika pamoja na wa rais na wabunge, kama ule wa 29 Oktoba 2025. Huo husimamiwa na Tume na hutumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Aliyehama kata hutakiwa kuhamisha taarifa zake daftari linapoboreshwa.

Katika chaguzi zote mbili mpiga kura hufika kituoni mwenyewe. Kumtuma ndugu akupigie haikubaliki. Wengine huuliza kuhusu kura ya mapema waliyoisikia Zanzibar. Hiyo huwahusu watu kama askari na watendaji wa uchaguzi watakaokuwa kazini siku yenyewe, nayo pia hupigwa kituoni.

Kwa nini jambo hili linatugusa watu wa pwani?

Tazama tarehe za uchaguzi wa serikali za mitaa: 25 Oktoba 2009, 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019 na 27 Novemba 2024. Zote ziko kati ya Oktoba na Desemba. Huo ni wakati upepo wa kusi umekwisha na kaskazi inaanza, na wavuvi wengi hufunga safari za dago. Mvuvi wa Kigombe, Kipumbwi au Moa huweza kuwa mbali siku za kuandikishwa, na tena siku ya kura.

Halmashauri ya kijiji inayochaguliwa siku hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwekezaji akitaka kiwanja ufukweni, pale mnapovuta mashua na kuanika dagaa, mazungumzo huanzia hapo. Wavuvi wakiwa hawapo, watachaguliwa watu ambao huenda hawajui shida ya mwalo.

Tunajua wapo waliokata tamaa. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa, na maeneo mengi wagombea walipita bila kupingwa. Hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, awe alipiga kura au hakupiga, na maombi ya ardhi hupelekwa hapo. Asiyeridhika na uchaguzi bado ana nafasi ya kuuliza na kupinga.

Anayesafiri afanye nini?

• Uchaguzi hufanyika kila miaka mitano, hivyo unaofuata unatarajiwa mwaka 2029. Kikundi cha wavuvi kiulizie tarehe za kuandikisha kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla ya kupanga safari za dago.

• Jiandikishe sehemu moja tu, pale unapoishi. Kibarua wa mkonge aliyehamia shambani na familia yake ajiandikishe huko, si kijiji alikozaliwa.

• Orodha ikibandikwa, mwombe aliyebaki nyumbani akague kama jina lako limo. Hili anaweza kukusaidia. Kupiga kura hawezi.

• Panga kurudi siku moja au mbili kabla, maana bahari haina ahadi. Beba kitambulisho chako.

• Nahodha na mwenye chombo wakubaliane na mabaharia mapema kuhusu siku hizo, ili asiwepo wa kukatwa mgawo kwa kwenda kupiga kura.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni watu gani kijijini kwetu huwa safarini kati ya Oktoba na Desemba? Mwaka 2024 wangapi kati yao waliandikishwa?
2. Kura ya posta ingeletwa hapa, nani angefaidika, na nani angeweza kulazimishwa nyumbani?
3. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Wa kwetu wa mwisho ulifanyika lini, na ulijadili nini?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe na katibu wa kikundi na kutunzwa. Yatahitajika wakati wa kupanga safari za mwaka 2029.