Kununua Nyumba Mpya: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Somo la toleo hili linawahusu hasa ndugu zetu wa Nimule, Kajo-Keji, Kaya na vijiji vingine vya mpakani ambao, baada ya miaka ya ukimbizi au ya biashara, wamejiwekea akiba na sasa wanatafuta nyumba mjini Juba. Lengo letu ni kuwasaidia kukagua nyumba iliyojengwa karibuni kabla fedha hazijatoka mkononi.

Tuanze kwa mfano. Mnunuzi anafika Custom asubuhi, penye soko na kituo cha magari. Dalali anampokea kwa maneno matamu na kumpeleka kwa bodaboda hadi penye nyumba mpya. Rangi ingali inanukia, mabati yanang'aa, na mwenye kuuza anasema wanunuzi wengine wawili wako njiani. Kufikia jioni fedha taslimu zimekwisha kuhesabiwa. Miezi michache baadaye mvua zinaanza, na ukuta wa chumba cha watoto unapasuka kutoka pembe ya dirisha hadi chini. Kisha anabisha hodi mtu aliyerejea kutoka Uganda, naye ana hati ya kiwanja kile kile.

Msiba wa mnunuzi huyu una sehemu mbili, na zote zilikuwa zimefichika siku ya kununua: msingi ulio chini ya ukuta, na haki ya ardhi iliyo chini ya msingi. Mwenye kukagua nyumba mpya na ayatafute hayo mawili.

Ardhi ni ya nani?

Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inasema kwamba ardhi yote ya Sudan Kusini ni mali ya wananchi, na matumizi yake husimamiwa na serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inaigawa katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya watu binafsi. Kwa hiyo swali la kwanza si bei ya nyumba. Ni kwamba nyumba hii imesimama juu ya ardhi ya fungu gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuitoa.

Mwombe muuzaji nakala ya hati, kisha uipeleke mwenyewe katika ofisi ya ardhi ya jimbo na katika usajili wa ardhi. Usimtume dalali. Linganisha jina lililo kwenye hati na jina la anayekuuzia, namba ya kiwanja na mtaa, na mipaka iliyopimwa. Kisha rudi kiwanjani na mpima ardhi, mtazame mawe ya mipaka pamoja na majirani. Ikiwa ardhi ni ya jamii, kama ilivyo sehemu nyingi za pembezoni mwa mji, sahihi ya mtu mmoja haitoshi; waone chifu na wazee wa mahali pale, na uulize serikali ya kaunti kama ardhi hiyo ilitolewa kwa utaratibu.

Hati za zamani nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu, na za sasa kwa Kiingereza. Asiyesoma lugha hizo asione haya. Atafute mtu wake wa kumsomea, asiwe mtu wa muuzaji.

Kwa ndugu zetu kutoka nchi jirani: sheria haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, bali humruhusu kupangishwa kwa muda maalumu. Wako wanaonunua kwa jina la rafiki mwenyeji, wakiamini urafiki utakuwa hati. Siku urafiki ukivunjika, au rafiki akifariki na ndugu zake wakaja kurithi, mgeni huyo hubaki bila karatasi inayomtaja. Ni heri kuandikisha mkataba halali wa kupanga kuliko kuweka jasho la miaka kumi katika jina la mwingine.

Nani hayupo?

Vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 viliwakimbiza watu wengi kutoka Juba, na wengi wao walivuka mpaka kuingia Uganda. Walioondoka hawakupoteza haki zao kwa sababu ya kuondoka. Kiwanja kilichokuwa kitupu kwa miaka kadhaa kinaweza kuwa na mwenyewe aliye kambini, na nyumba mpya inaweza kuwa imejengwa na mtu asiye na haki nacho. Waulize majirani wa muda mrefu: kabla ya nyumba hii palikuwa na nini? Nani alikuwa akiishi hapa? Yuko wapi sasa?

Uliza pia habari za mke na za mjane. Katiba inampa mwanamke haki ya kumiliki mali, na inampa mjane sehemu katika urithi wa mumewe. Ikiwa kaka wa marehemu anauza na mjane hajaitwa, simama hapo. Mauzo yanayofanywa kwa siri dhidi ya mtu wa nyumbani huishia kwenye ugomvi, na mara nyingine kwenye damu.

Mahali na maji

Nyumba inayoonekana njema wakati wa kiangazi huenda ikawa kisiwa wakati wa mvua. Ukiweza, itazame baada ya mvua kubwa. Usipoweza, tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani, na uulize maji hupita wapi. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi mfupi juu yake hautatulia. Uliza pia maji ya matumizi yatatoka wapi, na kama gari la kuleta maji litapata njia ya kufika mlangoni.

Kuna jambo jingine la mji wetu. Juba imepita katika vita virefu, na mnamo Februari 2005 ghala la silaha lililipuka na kutawanya risasi na mabomu. Ukiona chuma usichokifahamu unapochimba shimo la choo au la taka, usikiguse. Weka watoto mbali na utoe taarifa polisi mara moja.

Jengo lenyewe

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, na watu takriban 50 walipoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa la miaka michache tu, lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa halifai kwa makazi. Upya wa jengo haukuwaokoa waliolala ndani.

Nenda na fundi mwashi ambaye hamjui muuzaji, umlipe wewe. Aje na timazi na pima maji. Mkague pamoja mambo haya:

1. Msingi. Chimbeni kidogo kando ya ukuta mwone kina chake na vifaa vilivyotumika. Ulizeni picha au mafundi waliojenga.
2. Kuta. Nyufa nyembamba za lipu ni jambo la kawaida. Nyufa za mshazari kutoka pembe za madirisha na milango ni dalili ya msingi unaozama. Kwaruza lipu kwa msumari: ikimeguka kama mchanga, saruji ilikuwa haba.
3. Mkanda wa zege juu ya madirisha. Uliza kama una nondo, na za unene gani.
4. Paa. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa kwa mbali yote hung'aa sawa. Panda utazame mbao: zimetiwa dawa ya mchwa? Zimefungwa imara dhidi ya upepo?
5. Sakafu na choo. Mwaga ndoo ya maji uone yanakoelekea. Pima umbali kati ya shimo la choo na kisima, chako na cha jirani.
6. Umeme. Fungua boksi la swichi. Nyaya zilizoungwa kwa mfuko wa plastiki ni moto unaosubiri siku yake.

Malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba uandikwe, utaje namba ya kiwanja, bei, tarehe na kasoro zote ambazo muuzaji ameahidi kurekebisha. Mashahidi wawe wa pande zote mbili. Lipa kwa njia ya benki kila inapowezekana, na uzuie sehemu ya bei hadi kasoro zitengenezwe na hati ihamishwe kwa jina lako. Muuzaji mkweli hatakimbia kwa sababu umeomba siku saba za kukagua.

Polisi wanaweza nini?

Ni wajibu wetu kusema kweli. Polisi hawaamui nani ni mwenye ardhi. Hiyo ni kazi ya mamlaka za ardhi na mahakama. Tunachoweza ni kupeleleza udanganyifu, hati za kughushi na vitisho, ambayo ni makosa chini ya Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008. Hata hivyo, kumkamata mwizi hakurudishi fedha alizokwisha kutumia. Anayekuja kituoni kabla ya kulipa, akiwa na shaka juu ya karatasi, tunaweza kumwelekeza ofisi inayofaa siku hiyo hiyo. Anayekuja baada ya kulipa huanza safari ya mahakamani, nayo ni ndefu.

Basi, ndugu msomaji, dalali akikwambia kwamba nyumba itachukuliwa na mwingine kabla ya jua kuzama, mwache huyo mwingine aichukue.