Zimwi lako lina njaa ya nini?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Safari hii barua imetoka kwa kijana wa Mbagala anayecheza na wenzake mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wa karatasi, penseli na dadu la pande 20. Yeye ndiye mwendeshaji. Ametunga mazimwi manne, la moto, la maji, la ardhi na la upepo, na anauliza mbona wenzake wanayamaliza huku wanapiga miayo.

Mdogo wangu, nimeyasoma yote manne. Mkono wa kuchora unao. Ila umetunga zimwi moja ukalivika nguo nne. La moto linatema moto, la maji linatema maji, na dawa ya kila moja ni panga mpaka pointi za uhai ziishe. Mchezaji hapewi cha kufikiri, lazima achoke.

Tuanze na waliotangulia. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, una viumbe wanne wa namna hii. Katika toleo la tano wa moto ana pointi 102, wa maji 114, wa ardhi 126, wa upepo 90. Kanuni za msingi za toleo hilo zimeachiwa watu wote tangu Januari 2023. Unaweza kuzitumia, kuzibadili, hata kuuza kazi yako, mradi utaje ulikozitoa. Kwa hiyo usione haya kuanzia hapo.

Lakini usiishie kwenye namba. Soma kile kifungu kidogo cha kiumbe wa moto: kila galoni ya maji ikimmwagikia, anapungukiwa pointi moja. Sasa piga hesabu ya kwetu. Ndoo ya lita 20 ni galoni 5 na kidogo, yaani pointi 5. Kumzima kwa maji matupu unahitaji ndoo 21. Mpeleke Keko, kwa mafundi wa fenicha, maranda yamejaa sakafuni, makopo ya vanishi yako wazi, na bomba halijatoa maji tangu juzi. Wachezaji wako wataweka panga chini. Wataanza kuulizana nani ana tangi, muuza maji wa mkokoteni yuko wapi, nani asimame wapi kupokezana ndoo. Na yule atakayesema jamani tufagie maranda kwanza, mpe pointi zake kamili, kwa sababu ameunyima moto chakula.

Ndiyo maana kabla hujachora pembe na meno nataka ujiulize: zimwi hili lina njaa ya nini?

Njaa kubwa kuliko zote ninayoijua iko Kunduchi. Kwa miaka mingi bahari imekuwa ikila ufukwe pale, na sababu mojawapo ni mchanga. Mito kama Tegeta na Mbezi huushusha mpaka baharini, mawimbi yakausambaza ufukweni. Watu wakauchimba mitoni kwa ajili ya ujenzi, bahari ikakosa mgao wake, ikageukia nchi kavu. Zimwi hilo lipo tayari, linasubiri mwandishi tu. Mimi ningeliita Mdai.

Mdai hana chuki na mtu. Anataka mchanga wake, nao umo ndani ya kuta za nyumba za watu wasiojua lolote. Kila zamu yake ikifika, tofali moja linalegea, linakuwa mchanga, linatiririka kuelekea baharini. Ukimkata kwa upanga maji yanajiunga tena. Nguvu zake zifuate mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3, basi mpe pointi 160. Wakati wa maji mafu mpe 60. Wachezaji wakipita kwanza kwa wavuvi na kuamkia wazee vizuri, wataambiwa siku ya kwenda. Wasiouliza watamkuta kwenye bamvua na watajuta. Wakimshinda kwa nguvu, bamvua ijayo anarudi. Wakimrudishia mchanga, anatulia. Mchanga upi, na wabomoe nyumba ya nani? Hapo nyamaza, waache wabishane. Ubishi huo una thamani kuliko mapigano yote uliyoniandikia.

Ukitaka moto wa aina nyingine, soma habari za mlima Ol Doinyo Lengai. Uji wake wa volkano una joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya volkano nyingi. Mchana unaonekana mweusi, unatiririka mwepesi, kisha ukikutana na unyevu unageuka mweupe. Zimwi la moto lisilowaka wekundu mchana! Wachezaji watadhani ni tope, watalikanyaga.

Upepo sikai nao sana. Kaskazi na kusi wanapokezana mwaka mzima, wafanye ndugu wasiopatana, na tukio lako liweke kwenye tangambili, wakati hakuna mwenye zamu.

Jambo moja la nyumbani, na hili nalisema kwa uzito. Vitabu vya Wamarekani vimechukua majini wa hadithi za Kiarabu na kuwafanya mazimwi ya mezani. Ninyi mnacheza sebuleni kwa mama wa mtu, na katika mitaa yetu kuna familia ambazo jini kwao si hadithi. Usichezee majina wanayoyaogopa, wala mizimu ya ukoo wa mtu. Tunga jina lako, na mzazi akiuliza mnafanya nini, mwoneshe karatasi.

Kuhusu michoro, acha kunakili mazimwi ya filamu. Nenda Mwenge ukaangalie vinyago vya Wamakonde, na utafute picha za msanii George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Mashetani wake wana masikio makubwa na midomo mipana, wanacheza ngoma, wanacheka. Kiumbe anayecheka huku ukuta wako unatiririka anatisha kuliko mwenye meno mia.

Jumamosi hii mpeleke Mdai peke yake mezani, wale wengine watatu wapumzike. Kila watakachojaribu ambacho hukukitegemea kiandike pembeni, kisha kiingize kwenye karatasi yake kama kanuni. Halafu niandikie uniambie walibomoa nyumba ya nani.